Ndege inayoghairi kutua haijashindwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie neno moja ambalo magazeti na redio zetu hulitumia kila mara ndege inapokikaribia kiwanja, ikaacha kutua na kupaa tena. Neno hilo ni "kushindwa". Huandikwa kwamba ndege "imeshindwa kutua", na aghalabu sentensi inayofuata husema kwamba abiria "wamenusurika". Nilifanya kazi ya kuongoza ndege kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kustaafu na kuhamia hapa Usa River, na nimewahi, kwa kinywa changu mwenyewe, kuziamuru ndege kadhaa ziache kutua. Ninaandika kwa sababu neno hilo linapotosha, na upotoshaji wake una madhara ambayo abiria aliyefunga mkanda kwenye kiti chake hawezi kuyaona.

Kilichonisukuma kushika kalamu ni simu ya binti wa dada yangu. Alikuwa akitoka Dar es Salaam kuja msibani Moshi, na alinipigia akiwa bado kwenye ukumbi wa kuwasili pale KIA, kiwanja cha ndege cha kimataifa cha Kilimanjaro, kabla hata hajachukua begi lake. "Shikamoo mjomba. Mjomba, tumenusurika kufa." Nikamwuliza kimetokea nini. Akasema alikwisha kuziona taa za pembeni mwa njia ya kurukia ndege na alikuwa akingoja kusikia matairi yakigusa lami, mara injini zikanguruma, kiti kikamsukuma mgongoni, pua ya ndege ikainuka na wakarudi mawinguni. Mama aliyekaa nyuma yake alianza kusali kwa sauti. Walizunguka kama robo saa, kisha wakatua salama. "Rubani aliwaambia nini?" nikamwuliza. "Hatukuambiwa kitu, mjomba, mpaka tumeshuka." Usiku ule ule habari ilisambaa kwenye simu za watu kwamba ndege imeshindwa kutua KIA na abiria wamenusurika, na kesho yake gazeti moja liliichukua habari hiyo kama ilivyo.

Niseme kwanza tendo lenyewe ni nini. Ndege inaposhuka kuja kutua, rubani hubaki na hiari ya kuacha kutua karibu hadi mwisho kabisa, na mwongoza ndege aliye mnarani ana wajibu wa kumwamuru aache pindi anapoona kwamba njia ya kurukia ndege si salama. Yeyote kati yao akiamua, injini huongezwa nguvu, pua huinuka, magurudumu hukunjwa, na ndege hufuata mkondo wa kupandia uliokwisha kuchorwa na kuchapishwa kwa ajili ya kiwanja hicho, mpaka ifike kimo ambacho itasubiri au itapangwa upya kwenye foleni. Rubani haombi ruhusa ya kughairi. Hughairi kwanza, halafu hutoa taarifa. Marubani hulifanyia mazoezi jambo hili mara kwa mara kwenye mitambo ya mafunzo. Takwimu za kimataifa zinaonyesha kwamba hutokea kati ya mara 1 na mara 3 katika kila safari 1,000 za kushuka kutua, kwa hiyo mtu anayesafiri sana kwa ndege ajue kwamba siku moja litamkuta. Sababu zake karibu zote ni za kawaida: upepo umegeuka, ndege iliyotangulia imechelewa kutoka njiani, mnyama ameonekana kwenye lami, au rubani amefikia kimo kilichowekwa bila kuiona njia. Wenyeji wa Hai na Meru wanajua jinsi wingu la Juni na Julai linavyolala chini asubuhi, na jinsi tambarare zinazozunguka KIA zinavyosimamisha nguzo za vumbi wakati wa kiangazi.

Mpwa wangu alihofia pia kwamba mafuta yangeisha wakati wanazunguka. Kanuni za kimataifa zinaitaka ndege ibebe mafuta ya kufika inakokwenda, ya kwenda kiwanja kingine ikiwa cha kwanza hakitaweza kuipokea, na juu ya hayo akiba ya mwisho, ambayo kwa ndege za jeti ni ya dakika 30 angani. Mzunguko mmoja wa robo saa ulikuwa umekwisha kuhesabiwa kabla ndege haijaondoka Dar es Salaam.

Nitasimulia siku moja, maana jambo hili halieleweki vizuri kwa maelezo matupu. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi, katika kiwanja kimoja cha kanda hii ya kaskazini, na kando yangu alikaa kijana aliyekuwa bado mafunzoni, akizungumza na ndege chini ya usimamizi wangu. Ndege ndogo ya injini moja ilikuwa imerudi na watalii kutoka hifadhini, ikatua vizuri, ikapunguza mwendo, kisha ikasita karibu na kiungio ambacho ingetokea. Ndege kubwa ya abiria ilikuwa maili 4 za angani kutoka mwanzo wa njia, yaani kilomita 7 na nusu hivi, na ndege ya aina ile inaposhuka huenda takribani kilomita 250 kwa saa. Ukipiga hesabu, tulikuwa na chini ya dakika mbili.

Nikachukua darubini. Tairi la kushoto lilikuwa limelala bapa juu ya lami, na nyuma ya ndege ilikuwa bado imo ndani ya njia. Rubani wake alikuwa akijaribu kuisogeza kwa nguvu ya injini. Pangaboi lilizunguka kwa kasi, vumbi likaruka nyuma, ndege ikasogea kidogo na kusimama, ikasogea tena. Kijana wangu akasema, "Anatoka, mzee, anatoka." Na kweli alikuwa anatoka. Maili 3. Maili 2. Kwenye ubao mbele yetu, kipande cha karatasi chenye taarifa za ndege ndogo kilikuwa bado kimekaa mahali pa ndege iliyomo njiani, nami nilikuwa nimemfundisha kwamba kipande hicho hakiondolewi mahali pake kwa matumaini, huondolewa baada ya jicho kuona mkia umevuka mstari. Alikigusa kwa kidole, akasita, akaniangalia. Nikabonyeza kitufe cha redio, nikaitaja ndege kubwa kwa jina la safari yake na kutamka maneno mawili ya Kiingereza ambayo hutumika dunia nzima kwa kazi hiyo, "go around". Jibu lilikuja papo hapo, "going around", kisha tukaona tumbo jeupe la ndege likipita juu ya kiwanja huku magurudumu yakikunjwa.

Baada ya hapo nilinyamaza, na kunyamaza kule ni sehemu ya kazi. Katika sekunde zile rubani ana mengi mikononi: nguvu ya injini, pembe ya pua, mabawa, magurudumu, mwendo, kimo. Mwongoza ndege anayemrushia maswali wakati huo anamtoa kwenye kazi ambayo maisha ya watu yamo ndani yake. Kwa hiyo mwongoza ndege hungoja ndege ikae sawa katika kupanda, ndipo humpa rubani mwelekeo na kimo kwa maneno machache, na mengine yote husubiri. (Hata redio ikizimika, mnara una taa maalumu ya mkono, mwanga mwekundu usiopepesa humwambia rubani aliye angani apishe wengine na aendelee kuzunguka.)

Ndege ndogo ilitoka njiani muda mfupi baadaye. Kijana alinitazama kama mtu anayetaka kusema kwamba ile kubwa ingeweza kutua, na huenda ingeweza kweli. Kabla haijamaliza kuzunguka, simu ya mnarani ililia. Mtu wa kampuni moja alitaka kujua kwa nini tumewatia hasara ya mafuta na kuchelewesha safari yao ya kurudi, wakati njia ilikuwa karibu kuwa wazi. Mkuu wangu wa zamu alimjibu kwamba katika vitabu vyetu hakuna njia iliyo karibu kuwa wazi: ipo iliyo wazi na ipo isiyo wazi. Kisha akakata simu, akamgeukia kijana na kumwambia arudi kwenye redio, kwa kuwa ndege kubwa ilikuwa inakuja tena na ilimhitaji yeye.

Wapo wanaodhani kwamba ndege ikishapaa tena kazi imekwisha. Kwa viwanja vyetu, hapo ndipo inapoanza sehemu ngumu. Milima yote miwili mikubwa, Kilimanjaro yenye mita 5,895 na Meru yenye mita zaidi ya 4,500, iko kaskazini mwa mstari wa njia ya KIA, na kiwanja chenyewe kiko chini ya mita 900 kutoka usawa wa bahari. Ndege inayopanda tena ikiwa ndani ya wingu haina budi kupelekwa mahali penye nafasi, na mwongoza ndege ndiye anayepaswa kuwa na picha nzima kichwani: nani anashuka kutoka upande wa Arusha, nani amengojeshwa juu, nani anataka kuruka. Rada mpya zilizofungwa Dar es Salaam, KIA, Mwanza na Songwe zimeirahisisha sana kazi hii kuliko enzi zetu, lakini rada huonyesha tu, na uamuzi hubaki kwa mtu aliyevaa vipokea sauti.

Wengi wetu hapa Arusha tunakumbuka Desemba 18, 2013, ndege kubwa aina ya Boeing 767 iliyokuwa ikija KIA ilipoishia kutua Kisongo, kwenye kiwanja kidogo cha Arusha, katika njia ambayo wakati ule ilikuwa na urefu wa takribani kilomita 1.6 tu, wakati ile ya KIA ina kilomita 3.6. Watu waliikumbuka ndege ile kwa ukubwa wake na kwa magurudumu yaliyoishia kwenye majani, na tunashukuru kwamba hakuna aliyeumia. Ni wachache wanaokumbuka chanzo chake, kwamba ndege ndogo ilikuwa imekwama kwenye njia ya KIA na ile kubwa ikalazimika kusubiri angani. Viwanja hivi viwili vimetengana kwa kilomita 50 hivi kwa mstari wa moja kwa moja, na njia zake zote mbili zimelala mashariki na magharibi. Ndege ikishazuiwa kutua, macho na masikio ya mnarani yanatakiwa yawe makali maradufu hadi itakapogusa lami inayostahili.

Sasa narudi kwenye neno lenyewe. Mtu yule wa kampuni aliyetupigia simu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hesabu zake za kupeleka kwa wakubwa wake. Lakini kijana wa mafunzoni alizisikia lawama zile, na ninajua kutokana na uzoefu kwamba lawama ya namna hiyo hubaki kichwani. Siku nyingine, akiwa peke yake, na ndege iliyo mbele "inatoka, inatoka", ataikumbuka ile simu. Rubani naye, anayejua kwamba akipaa tena kesho ataandikwa kuwa "ameshindwa", na kwamba abiria 100 watashuka wakimtazama kama mtu aliyetaka kuwaua, anaweza kujiambia kwamba mwendo umezidi kidogo tu na njia ni ndefu. Mashaka yangu haya hayatokani na fikra za mzee mmoja. Ripoti iliyotolewa mwaka 2017 na taasisi ya kimataifa ya usalama wa anga, Flight Safety Foundation, ilieleza kwamba katika kila mara 100 ambazo ndege inashuka ikiwa haijakaa sawa, mwendo wake au kimo chake kikiwa nje ya kiwango, marubani hughairi kutua mara 3 tu. Mara 97 zinazobaki huendelea na kutua. Tatizo ambalo wataalamu wanahangaika nalo, Mhariri, ni kwamba ndege zinaghairi kutua mara chache mno kuliko inavyopasa, nasi huku tunaandika kana kwamba kughairi ndiko ajali.

Atakayetaka kujua hali inavyokuwa pale amri ile isipotolewa, atazame Japani. Januari 2, 2024, katika kiwanja cha Haneda, Tokyo, ndege ya walinzi wa pwani, iliyokuwa ikipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi, iliingia kwenye njia bila ruhusa na kusimama pale kwa sekunde 40 hivi. Ndege kubwa aina ya Airbus A350 ilikuwa inashuka kuelekea njia hiyo hiyo. Kioo cha mnarani kilionyesha onyo, lakini mwongoza ndege, aliyekuwa na ndege nyingine za kushughulikia, hakuligundua, na marubani wa ndege kubwa hawakuiona ile ndogo gizani. Watu wote 379 waliokuwamo katika ndege kubwa walitoka wakiwa hai, lakini katika ndege ya walinzi wa pwani walikufa 5 kati ya 6. Nimewahi kukaa kwenye kiti kama kile, na kila ninapozisoma zile sekunde 40 huwa ninazihesabu kwa sauti. Ni nyingi. Zinatosha kabisa kutamka yale maneno mawili, kusikia jibu na kuiona ndege ikipita juu. Na kama yangetamkwa, nina hakika kwamba mahali fulani pangeandikwa kuwa ndege ya abiria "imeshindwa kutua" Haneda.

Ninaielewa hofu ya wananchi na siidharau. Tangu ajali ya Bukoba ya Novemba 6, 2022, iliyochukua maisha ya watu 19, kila mmoja wetu moyo hushtuka injini zinapobadilisha mlio karibu na ardhi. Kwa sababu ya hofu hiyo hiyo ndiyo maana ninaomba tuchague maneno kwa uangalifu. Kushindwa, katika Kiswahili chetu, ni kuzidiwa: na adui, na mzigo, na ugonjwa. Anayeshindwa alitaka jambo na hakuliweza. Anayeghairi ametafakari, ameona sababu, na amebadili nia kwa hiari yake. Mwenzangu mmoja tuliyestaafu pamoja hupendelea "kuahirisha kutua", kwa hoja kwamba ndege itatua tu, ila baadaye kidogo, na hoja yake ina uzito. Mimi napendelea "kughairi kutua", kwa sababu ipo siku ndege hairudi tena kujaribu bali huelekea Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, na hapo hakuna kilichoahirishwa katika kiwanja kile. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, likikaa na watu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, linaweza kutuamulia istilahi moja ikaingia kwenye vitabu. Wakati tukiingoja, lolote kati ya haya mawili linaifaa habari ya gazetini kuliko "kushindwa". Na "kunusurika" litunzwe kwa ajili ya siku ambayo uchunguzi umeonyesha kwamba watu walikuwa hatarini kweli.

Kwa waandishi wako, Mhariri, ombi langu ni dogo. Mkipata habari ya aina hii, pigieni simu kiwanja au kampuni husika na ulizeni sababu ya kughairi kabla ya kuandika kichwa cha habari. Mara nyingi jibu litakuwa fupi: upepo, wingu, au ndege nyingine njiani.

Kwa wenye kampuni, ombi langu ni zito zaidi. Msimwite ofisini rubani aliyeghairi kutua kumwuliza juu ya mafuta, wala msipige simu mnarani kutafuta wa kumlaumu. Kama kuna la kujifunza, litatoka kwenye taarifa ya usalama ambayo rubani ataiandika bila woga.

Na kwa marubani, ambao ninawaheshimu sana: najua kwamba dakika za kwanza si zenu kuzungumza na abiria, na sitaki mtu yeyote azungumze kabla ndege haijakaa sawa. Lakini ikishafika kimo chake na foleni ikapangwa, inabaki nusu dakika. Mpwa wangu, na yule mama aliyekuwa akisali nyuma yake, wangetosheka na maneno haya tu, yakisemwa kwa Kiswahili kabla ya Kiingereza: "Ndugu abiria, tumeghairi kutua kwa sababu njia ilikuwa bado ina ndege nyingine. Ndege yetu ni nzima. Tunazunguka, na tunatarajia kutua baada ya dakika 15."

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwongoza ndege mstaafu,
Usa River, Arusha.